ASILI NA TABIA: UHAKIKI WA MAKUMBUSHO YA MERU

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kumwona mhakiki akiingia katika jumba la makumbusho na kulisoma kama anavyosoma kitabu. Hata hivyo, makumbusho nayo ni simulizi. Yana msimulizi, ingawa jina lake halitajwi. Yana mpangilio, kwa kuwa mgeni huingia kwa mlango mmoja, huona kimoja kabla ya kingine, na hutoka akiwa ameachiwa wazo fulani kichwani. Yana mandhari na wahusika, na zaidi ya yote yana lugha. Kwa sababu hiyo hakuna linalotuzuia kuyapima kwa vipimo vile vile vya fani na maudhui.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki Makumbusho ya Meru, yaliyoko mjini Meru, kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya. Tulipoyatembelea tulikuta kundi la wanafunzi wa shule ya msingi waliokuja na mwalimu wao. Wengi walikuwa wakinakili katika madaftari majina ya vitu vilivyomo. Msichana mmoja alisimama mbele ya kibuyu akauliza, “Mwalimu, hiki kilikuwa cha nani?” Mwalimu akajibu, “Cha Wameru.” Msichana akatazama tena, kisha akasema polepole, “Najua, Mwalimu. Lakini Mmeru gani?”

Hatujui kama mtoto huyo alikusudia kufanya uhakiki. Hata hivyo, swali lake ndilo kiini cha makala haya. Kwa maoni yetu, makumbusho ya aina hii yana ustadi wa kutueleza tabia za watu, lakini hupata shida kubwa kutueleza habari zao. Tutajaribu kuonyesha kwamba kasoro hiyo haitokani na uvivu wa mtu yeyote. Imo ndani ya fani yenyewe, na hasa ndani ya sarufi yake.

Jengo na historia yake

Makumbusho ya Meru yalifunguliwa mwaka 1974, nayo yamo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jengo lenyewe lilijengwa mwaka 1916 liwe afisi ya Mkuu wa Wilaya, yaani DC, na limo miongoni mwa majengo ya mawe ya kale kabisa mjini humo. Mhakiki anapaswa kusimama nje kwanza, kwa sababu hapo ndipo kilipo kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani.

Boma la Meru lilianzishwa mwaka 1908 na E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1906, Waingereza walikuwa wamewashambulia Waembu, majirani wa kusini. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aeleza kwamba habari za kipigo hicho ziliwafikia Wameru mapema, na kwamba zilikuwa na uzito katika uamuzi wao wa kumpokea Horne bila vita. Kwa hiyo jengo la 1916 halikusimama juu ya ardhi tupu, bali juu ya shauri lililokatwa na watu waliojua yaliyompata jirani.

Sasa tuitazame sentensi tuliyoiandika sisi wenyewe hapo juu: jengo “lilijengwa mwaka 1916”. Kitenzi cha kutendwa kina faida zake, na mojawapo ni kumruhusu mtenda ajifiche. Ni nani aliyechonga mawe hayo na kuyabeba? Alilipwa nini, kama alilipwa? Sentensi yetu ni ya kweli, lakini ukweli wake ni wa DC, si wa mwashi. Ikiwa mwandishi wa makala, mwenye karatasi ya kutosha, aweza kuanguka katika mtego huo, sembuse mwandishi wa kibao chenye nafasi ya mistari mitatu.

Jambo hili si la Meru peke yake. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilikuwa gereza la serikali tangu 1895 hadi 1958 kabla ya kuwa makumbusho. Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamo katika nyumba iliyokuwa makao ya maofisa wa Kiingereza. Historia ya mtawaliwa imepangishwa katika nyumba ya mtawala. Si kosa kuzitumia nyumba hizo. Kosa ni kuingia ndani na kusahau mwenye nyumba alikuwa nani.

Fani: mpangilio wa vitu

Ndani ya Makumbusho ya Meru kuna mambo ya maumbile, kama habari za miamba na wanyama waliokaushwa, na kuna mambo ya watu: mavazi, silaha, zana za kilimo, vyombo vya unywaji na uvutaji, na vifaa vya jando. Nje kuna mfano wa boma la Kimeru na bustani ya mimea ya dawa.

Mgeni aweza kushangaa kwa nini chui na mkuki wa mzee wakae chini ya paa moja. Jibu limo katika historia ya makumbusho nchini Kenya. Asili yake ni chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe wa Afrika ya Mashariki na Uganda, kilichoundwa na wazungu mwaka 1909, na makumbusho yake ya kwanza yalianza mwaka uliofuata. Mwaka 1930 lilifunguliwa Nairobi jumba lililoitwa kwa jina la Gavana Coryndon, ambalo baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Waanzilishi walikuwa wakikusanya ndege, wadudu na mimea. Mwanadamu mwenyeji alipoingia katika makabati yao, aliingia kwa mlango ule ule alioingilia kipepeo: kama mfano wa aina yake.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Anayekusanya vipepeo hamwulizi kipepeo jina. Anahitaji mmoja tu wa kuwakilisha wote, na kadiri mmoja huyo asivyokuwa na lolote la pekee ndivyo afaavyo zaidi. Utaratibu huo ukihamishiwa kwa watu, kibuyu huwa “cha Wameru”, na swali la “Mmeru gani?” huonekana kama utoto. Mwandishi wa makala haya alipokuwa mwanafunzi ng’ambo alizuru Makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, yaliyoanzishwa mwaka 1884, ambako vitu hupangwa kwa aina: vinyago na vinyago, ala za muziki na ala za muziki, bila kujali vimetoka bara lipi. Ukubwa wa mkusanyo ule ulitustaajabisha. Lakini ni huko ng’ambo tulikotambua kwamba mtu aweza kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa na bado asiwepo.

Haki itendeke. Makumbusho ya Meru ni madogo, na udogo wake una heri. Mgeni hapotei. Boma lililojengwa uani laonyesha vipimo vya maisha kwa namna ambayo kabati la kioo haliwezi, na bustani ya dawa ni maonyesho ya kitu kinachoota. Hizo ni sehemu zenye nguvu, nasi tutazirejea.

Lugha: kiambishi hu-

Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya kwanza ya makumbusho nchini tangu enzi za Coryndon, na maelezo ya vitu vya kimila katika lugha hiyo yamezoea wakati mmoja wa kitenzi, ule wa sasa usio na mwanzo wala mwisho. Anayeyafasiri kwa Kiswahili hana budi kukimbilia kiambishi hu-. Tuchukue mfano tuliojitungia: “Wazee hunywea pombe katika kibuyu hiki.” Ni sentensi safi. Lakini tuitazame kwa jicho la mwanasarufi.

Kiambishi hu- kina sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba hakitaji wakati maalumu. Kitendo chaweza kuwa cha jana, cha leo au cha miaka mia iliyopita. Ya pili, ambayo haitiliwi maanani sana, ni kwamba kiambishi hiki hufukuza nafsi. Twasema mimi hunywa, wewe hunywa, wao hunywa, na kitenzi hakibadiliki. Miongoni mwa nyakati zetu nyingi, huu ni wakati ambao kitenzi hukubali kusimama bila kiambishi cha mtenda. Ukisema kwa -li- huna hila: lazima useme nilikunywa, alikunywa au walikunywa. Kwa -li- kitenzi hudai mtu na hudai siku. Kwa hu- vyote viwili husamehewa.

Basi, makumbusho ya mila ni simulizi iliyoandikwa yote kwa hu-. Wameru hulima, Wameru huoa, Wameru hutambika. Si kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Ni kwamba hakuna tukio linaloweza kutokea ndani yake. Msomaji wa riwaya angeitupa riwaya ya namna hiyo baada ya kurasa mbili, akilalamika kwamba wahusika ni bapa na hakuna msuko.

Yako mahali ambapo hu- ni haki. Bustani ya dawa yastahili hu-, kwani mimea hiyo hutumika hata leo. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lastahili hu- pia. Ni baraza lililo hai, lenye nyumba yake Nchiru, na sauti yake husikika katika mashauri ya ardhi na hata ya siasa. Lakini Njuri hiyo hiyo ina -li- yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitambua na kuitumia katika utawala, naye DC H. E. Lambert alikuwa na mkono mkubwa katika jambo hilo. Anayeeleza Njuri kwa hu- peke yake atamfanya msomaji aamini kwamba baraza hilo lilivuka enzi ya ukoloni bila kuguswa. Anayeieleza kwa -li- peke yake ataizika ikiwa hai. Ustadi ni kujua mahali pa kila kimoja.

Maudhui yasiyo na kabati

Tuyatazame sasa mambo matatu ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo mtihani wa makumbusho yoyote yatakayoandikwa jina la Meru.

La kwanza ni Mbwaa. Wazee wa Meru wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba wahenga wao waliishi mahali palipozungukwa na maji, paitwapo Mbwaa, chini ya utumwa wa watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, maji yakawapisha, na saa ya kuvuka ikawagawa katika koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Fadiman aliitafuta Mbwaa katika kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Mwanahistoria J. Forbes Munro alikuwa ameyatilia shaka madai ya uhamaji kutoka pwani tangu mwaka 1967. Ubishi huo haujafungwa, nasi hatukusudii kuufunga. Twataka kusema tu kwamba simulizi hii, ambayo ni mali kubwa kuliko mikuki yote, haina kitu cha kuwekwa katika kabati. Kiatu cha Mbwaa hakipo. Fani inayotegemea vitu haina pa kuliweka neno. Hii ni hasara kubwa, hasa tukikumbuka kwamba jirani zao Waembu husimulia kinyume: asili yao ni kichaka cha Mwene-Ndega, karibu na Runyenjes, si ng’ambo ya maji. Watu wawili wa mlima mmoja, wenye lugha zinazokaribiana, mmoja asema alitoka baharini na mwingine asema alitoka papo hapo. Wanafunzi wangepewa masimulizi hayo mawili pamoja na ubishi wa wataalamu, wangejifunza historia ni nini kwa namna ambayo hakuna mkuki unaoweza kuwafundisha.

La pili ni jando la wasichana. Kisu kikiwekwa katika kabati na kuelezwa kwa hu-, mgeni atatoka na picha ya desturi isiyo na tarehe. Lakini mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara ya wasichana, kwa kuungwa mkono na maofisa wa serikali. Wasichana wengi wakakataa. Walikwenda vichakani, wakatahiriana wenyewe kwa nyembe zilizonunuliwa dukani, wakaitwa Ngaitana, maana yake “nitajitahiri mwenyewe”. Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wanaume na wanawake, walishtakiwa. Tukio hili ni gumu. Halikubali kusomwa kama ushujaa mtupu wala kama ujinga mtupu. Wasichana walipinga amri ya wazee na ya wakoloni kwa pamoja, na silaha ya upinzani wao ilikuwa jeraha juu ya miili yao wenyewe. Tangu mwaka 2011 sheria maalumu ya Kenya inakataza ukeketaji, na kwa hiyo kuuzungumzia kwa hu- si kosa la historia tu, ni hatari. Tazama basi: chombo cha kihistoria katika tukio hili si kisu cha mhunzi, bali ni wembe wa dukani. Hakuna mkusanyaji wa mila ambaye angeona haja ya kuuhifadhi wembe wa dukani, kwa kuwa si “wa kimila”. Ndivyo fani inavyochagua maudhui yake.

La tatu ni vita vya ukombozi. Musa Mwariama alitoka msituni mwaka 1963 akapokewa na Kenyatta. Baimungi Marete naye aliuawa mwaka 1965, Kenya ikiwa huru. Hapa tena tumeandika “aliuawa”, na msomaji mwangalifu amekwisha kuuliza: na nani? Na majeshi ya serikali ya Kenya. Sentensi hiyo yenye maneno machache ni nzito kuliko jengo lote la 1916, na twajua kwa nini waandishi wa maelezo ya umma, popote walipo, huona afadhali kurudi kwenye vibuyu.

Tafsiri: mkono wa Mugwe

Huenda mtu akadai kwamba dawa ni kuyafasiri maelezo yote kwa Kiswahili, mambo yaishe. Hatukubaliani naye, ingawa ni kazi yetu kukipigania Kiswahili. Tuchukue mfano wa Mugwe, kiongozi wa dini na baraka. Padre Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu mwaka 1959, akamwita nabii, tena nabii anayefifia. Mwaka uliofuata Rodney Needham wa Oxford akaandika uchambuzi mzima juu ya mkono wa kushoto wa Mugwe, ule alioubarikia watu na ambao hakuruhusiwa kuuonyesha.

Tumwandikieje mtu huyu kwa Kiswahili? Tukimwita nabii, tumempeleka katika Biblia na Kurani. Tukimwita chifu, tumempa cheo cha serikali. Na tukiandika “hubariki kwa mkono wa kushoto”, msomaji wa pwani, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kushoto si mkono wa kulia chakula wala wa kupokelea kitu, atadhani tumekosea au tunamtukana mzee. Kumbe ufichwaji wa mkono ule ndio uliokuwa heshima yake. Lugha ya taifa haitoshi kwa kuwa lugha ya taifa tu. Inabidi ijifunze kusikiliza. Katika mfano huu neno Mugwe libaki lilivyo, nacho Kiswahili kifanye kazi yake ya kueleza, si ya kubadilisha.

Asili, kisha tabia

Tumefika sasa mahali ambapo historia ya Meru na historia ya Kiswahili hukutana. Yapata mwaka 1930, Philip M’Inoti, Mmeru wa Kanisa la Methodisti, aliandika habari za watu wake. Hakuziandika kwa Kiingereza. Mswada wake ulipewa jina la Kiswahili, Asili ya Wameru na Tabia Zao. Jambo hilo lisitushangaze, kwa kuwa wamisionari wa Methodisti walikuwa Ribe, pwani, tangu 1862, na walipofika Meru mwaka 1912 Kiswahili kilipanda nao.

Jina hilo peke yake lina mafunzo. M’Inoti aliweka mambo mawili, tena kwa mpango. Kwanza asili, ambayo husimuliwa kwa -li-. Kisha tabia, ambazo huelezwa kwa hu-. Tangu wakati huo makumbusho yamechukua nusu ya pili ya jina lake na kuiacha ya kwanza mlangoni.

Naye Lambert, yule DC, baadaye aliacha utawala akawa mtafiti wa Kiswahili. Vitabu vyake juu ya Kivumba, Chichifundi, Chijomvu na Kingare vilitoka mwaka 1957 na 1958, na wanafunzi wa lahaja husoma vitabu hivyo hadi leo. Basi sisi tulio katika idara za lugha tusijidai kwamba tunayatazama makumbusho haya kutoka mbali. Aliyeitawala Meru na aliyetufundisha lahaja za pwani ya kusini ni mtu mmoja. Kalamu iliyozipanga koo za Meru katika mafaili ndiyo iliyozipanga lahaja zetu katika vitabu.

Hitimisho

Uhakiki usiojenga hauna faida. Twapendekeza kwanza kwamba jengo la 1916 lielezwe kama sehemu ya maonyesho, pamoja na habari za 1906 na 1908. Pili, kila kitu kinachoweza kupata jina la mwenyewe kipewe: nani alikitengeneza, nani alikitumia, kiliingiaje humu. Mfano mwema tunao jirani. H. S. K. Mwaniki alipokusanya masimulizi ya Waembu, yaliyochapishwa mwaka 1974 kama matini ya kihistoria, aliwaacha wazee wazungumze wenyewe. Ni sadfa njema kwamba mwaka huo huo ndio yalipofunguliwa Makumbusho ya Meru. Tatu, masimulizi yapewe chumba, hata kama chumba hicho hakitakuwa na kitu ila kiti cha msimulizi. Nne, jina “Meru” lenyewe lijadiliwe hadharani, kwa kuwa Wachuka na Watharaka, ambao tangu 1992 wamekuwa na wilaya iliyotengwa na Meru na baadaye kaunti yao, wana la kusema juu ya kuwekwa chini yake.

Tulipotoka tuliwakuta wale wanafunzi uani, wakiingia na kutoka katika nyumba ya boma, wakiinama mlangoni. Yule msichana alikuwa ameketi kando, daftari likiwa magotini. Chini ya neno “kibuyu” alikuwa ameacha mstari mtupu.